PIERRE MÉCHAIN, MPIMAJI WA DUNIA

1. Vipimo vya kale

Tangu zamani wanadamu wamepima vitu kwa viungo vya miili yao. Watu wa pwani walipima nguo kwa shibiri, yaani tangu ncha ya kidole gumba hata ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikitanuliwa. Shibiri mbili zilifanya dhiraa moja, na dhiraa nne zilifanya pima moja, ambayo ni urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa. Vipimo hivi vina faida moja kubwa, maana hakuna mtu awezaye kuvisahau nyumbani. Lakini vina hasara yake pia. Mkono wa mtu mrefu si sawa na mkono wa mtu mfupi, na mnunuzi mwerevu alijua kumtafuta rafiki mwenye mikono mirefu ampimie nguo yake.

Huko Ulaya mambo yalikuwa vivyo hivyo. Waingereza walipima kwa futi, neno ambalo maana yake ni mguu, na Wafaransa nao walikuwa na futi yao. Lakini miguu hiyo haikulingana. Futi ya Paris iliizidi futi ya London kwa kadiri ya upana wa kidole. Futi sita za Paris zilifanya pima moja ya Kifaransa, iliyoitwa toise. Nayo kwa hesabu ya Kiingereza ilikuwa futi sita na inchi karibu tano. Tena katika nchi ya Ufaransa yenyewe mji huu haukupatana na mji ule. Mtu aliyenunua kitambaa katika mji mmoja na kukiuza katika mji wa pili ilimbidi afanye hesabu upya, na asiyejua hesabu alidanganywa mara nyingi.

Watu wa Ufaransa walichoka na fujo hiyo. Mwaka wa 1789, walipoanza kuipindua serikali ya kale, waliandika malalamiko yao, na miongoni mwake waliomba kipimo kimoja kwa nchi nzima. Basi wataalamu wa Paris wakashauriana. Hawakutaka kipimo cha mguu wa mfalme wala cha mkono wa mtu ye yote, kwa kuwa wafalme hufa na mataifa huoneana wivu. Walitaka kipimo ambacho ni mali ya watu wote sawasawa. Na kitu kilicho cha watu wote ni dunia yenyewe. Mwaka wa 1791 wakakata shauri: watwae umbali tangu Ncha ya Kaskazini mpaka ikweta, waugawanye mafungu milioni kumi, na fungu moja liwe kipimo kipya. Kipimo hicho kiliitwa meta.

Lakini kusema ni rahisi kuliko kutenda. Ilikuwa lazima dunia ipimwe kwanza. Mmoja wa watu wawili waliopewa kazi hiyo ni Pierre Méchain.

2. Kijana wa Laon

Pierre Méchain alizaliwa tarehe 16 Agosti 1744 katika mji wa Laon, upande wa kaskazini wa Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka chokaa dari na kuta, mtu wa mapato madogo. Kijana alionyesha akili nyingi katika hesabu, akapelekwa Paris kusoma kazi ya kujenga barabara na madaraja. Hakukaa huko sana, maana fedha ya nyumbani ilikwisha, ikambidi aache masomo na kuwafundisha watoto wa matajiri ili apate chakula.

Hata hivyo hakuacha kujifunza. Alipenda sana elimu ya nyota, akajinunulia chombo cha kuzitazamia kwa akiba yake kidogo. Imesimuliwa kwamba baba yake alipopatwa na deni, Méchain alikiuza chombo hicho ili amsaidie, na aliyekinunua alikuwa Lalande, mtaalamu mkubwa wa nyota wa wakati ule. Lalande alipomwona jinsi alivyokuwa na akili na bidii, alimtafutia kazi katika ofisi ya ramani za bahari. Méchain akawa mchoraji wa ramani mchana, na usiku akatazama mbingu.

Mwaka wa 1781 aliona nyota mbili zenye mkia ambazo hapana mtu aliyeziona kabla yake, na baadaye akaona nyingine. Hesabu zake zilikuwa safi hata wenzake wakamsifu, na mwaka wa 1782 akaingizwa katika Akademia ya Sayansi ya Paris. Alikuwa amekwisha kuoa mwaka wa 1777. Mke wake, Thérèse, alikuwa mwanamke mwenye akili aliyemsaidia katika kazi yake ya kutazama nyota.

Sifa ya Méchain haikutoka katika wepesi, bali katika uangalifu. Alikuwa mtu mpole, mwenye haya, aliyependa kupima jambo moja mara kumi kabla ya kuliandika. Kosa dogo ambalo mtu mwingine asingaliliona lilimnyima usingizi. Tabia hiyo ilikuwa utukufu wake, nayo pia ikawa chanzo cha msiba wake.

3. Mkutano wa futi na toise

Mwaka wa 1787 Waingereza na Wafaransa walipatana kupima nafasi iliyo kati ya mahali pa kutazamia nyota pa Paris na pa Greenwich, karibu na London. Upande wa Waingereza kiongozi alikuwa Jenerali William Roy. Miaka mitatu nyuma yeye alikuwa amepima mstari mmoja katika uwanda wa Hounslow Heath, akauona kuwa zaidi ya futi 27,400. Upande wa Ufaransa walitumwa watu watatu, na Méchain alikuwa mmoja wao.

Walitazamana kutoka ng'ambo hata ng'ambo ya mlango wa bahari. Kazi ilifanyika vizuri. Lakini zilipofika hesabu, Waingereza waliandika kwa futi zao, na Wafaransa kwa toise. Mlango wa bahari ulikuwa mmoja, na majina ya urefu wake yalikuwa mawili. Kila namba ilipaswa kugeuzwa, na mtu akikosa kidogo katika kugeuza toise moja, kosa hilo huzidishwa mara maelfu kabla hajafika mwisho wa mstari. Basi Méchain aliijua kwa mikono yake mwenyewe haja ya kipimo kimoja.

4. Kazi ya kuipima dunia

Haikuwezekana kupima njia yote tangu Ncha ya Kaskazini mpaka ikweta. Kwa hiyo wataalamu walichagua sehemu yake tu, tangu Dunkirk, mji wa pwani ya kaskazini ya Ufaransa, mpaka Barcelona, mji wa pwani ya Hispania. Miji hiyo miwili iko karibu katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, na kati yake pana kilometa zaidi ya 1,000. Sehemu hii ikijulikana, nzima ingeweza kuhesabiwa.

Hata sehemu hiyo haikupimwa kwa kuburuta mnyororo milimani na mabondeni. Walitumia pembetatu. Mtu akijua urefu wa ubavu mmoja wa pembetatu, na ukubwa wa pembe zake, aweza kuhesabu mbavu mbili zilizobaki bila kuzikanyaga. Ubavu uliopatikana huwa ni ubavu wa pembetatu ya pili, na wa pili huzaa wa tatu, mpaka mnyororo wa pembetatu umeivuka nchi nzima. Mpimaji hupanda juu ya mnara wa kanisa au kilele cha mlima, akatazama alama mbili zilizo mbali, akapima pembe iliyo kati yake. Mwisho wa kazi hutazama nyota, apate kujua latitudo, yaani mahali pale pako mbali kiasi gani na ikweta.

Chombo chao kilikuwa kimetengenezwa kwa shauri la Borda, mtaalamu wa Kifaransa. Kilikuwa duara la shaba lenye darubini mbili, nacho kiliweza kupima pembe ile ile mara nyingi mfululizo, ili makosa madogo ya jicho yapungue. Kwa chombo kama hicho Méchain aliona kwamba mpimaji mwangalifu hana udhuru wa kukosea.

Delambre, mtaalamu mwenzake, alipewa upande wa kaskazini, tangu Dunkirk mpaka mji wa Rodez. Méchain alipewa upande wa kusini, tangu Rodez mpaka Barcelona. Akaondoka Paris mwezi wa Juni 1792, akamwacha mke na watoto. Watu walidhani kazi itakwisha kwa mwaka mmoja. Ilichukua miaka saba.

Hata mwanzo wake ulikuwa mbaya. Nchi ilikuwa katika fitina, na watu waliogopa wapelelezi. Méchain hajafika mbali na Paris, akakamatwa na walinzi wa mji mdogo waliofikiri kwamba vyombo vyake ni silaha. Ilimbidi kuwaeleza mpaka wakamwachilia. Barua zake za ruhusa zilikuwa na jina la mfalme. Na miezi michache baadaye mfalme mwenyewe alikatwa kichwa.

5. Barcelona

Katika Hispania Méchain alifanya kazi upesi na vizuri, pamoja na msaidizi wake Tranchot. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamepima pembetatu zote za upande ule. Wakati wa baridi Méchain alikaa katika ngome ya Montjuïc, iliyo juu ya kilima karibu na Barcelona, akatazama nyota usiku baada ya usiku katika baridi kali. Alipata latitudo yake, akaipeleka Paris, na wenzake wakafurahi.

Ndipo misiba ikaanza kumfuata. Mapema mwaka wa 1793 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Hispania, na Méchain, aliyekuja kama mgeni, akawa mtu wa taifa la adui. Karibu na wakati huo rafiki yake, daktari wa mji, alimchukua nje ya mji kutazama mtambo mpya wa kuvuta maji. Mtambo ulipokwenda kwa ghafula wenzake waliingia hatarini. Méchain akakimbia kuwasaidia, akapigwa kwa nguvu na mti wa mtambo. Mbavu zake zilivunjika pamoja na mfupa wa bega, akalala siku kadhaa bila fahamu. Watu walidhani amekufa. Alipona polepole, lakini mkono wake wa kuume ulikosa nguvu kwa muda mrefu.

Alipoomba ruhusa ya kurudi kwao alikataliwa. Mtu aliyejua mahali pa kila mlima na kila ngome si mtu wa kuachwa aende zake wakati wa vita. Wala hakuruhusiwa kupanda tena Montjuïc. Basi akakaa mjini katika nyumba ya wageni, na kwa kuwa hakuweza kukaa bure, akaanza kuzitazama nyota kutoka pale, ili azithibitishe hesabu zake za mwaka uliopita.

Nyumba ile na ngome ile hazikuwa mbali. Kati yake palikuwa na umbali wa zaidi kidogo ya maili moja. Méchain aliupima umbali huo kwa pembetatu, kisha akaulinganisha na ule uliotokana na nyota. Hesabu hizo mbili zilipaswa kulingana. Hazikulingana. Zilitofautiana kwa sekunde tatu na zaidi za digrii, nazo juu ya uso wa nchi ni karibu meta mia.

Méchain akahesabu upya. Akahesabu tena na tena. Tofauti haikuondoka. Lazima moja ya hesabu zake ilikuwa na kosa, na hakuweza kujua ni ipi. Na ile ya Montjuïc alikuwa amekwisha kuipeleka Paris. Kurudi ngomeni kupima tena hakuwezi, maana milango imefungwa.

6. Siri

Hapo ndipo lilipotokea jambo la maisha yake. Kama angaliandika kwa wenzake kwamba ameona tofauti asiyoweza kuieleza, wangaliitazama pamoja naye. Lakini aliona haya. Aliogopa kwamba watu wote watasema Méchain, yule mwangalifu, amekosea. Akanyamaza.

Mwaka wa 1794 aliruhusiwa kutoka Hispania, akasafiri mpaka Genoa katika Italia, akakaa huko karibu mwaka mzima. Nchini Ufaransa baadhi ya rafiki zake walikuwa wamefungwa au kuuawa katika fitina. Mwaka wa 1795 serikali mpya ilitoa sheria ya kuthibitisha meta, na Méchain akarudi kuendelea na kazi. Lakini hakuwa mtu yule wa kwanza. Alikwenda polepole, akitafuta sababu za kukawia. Majira mazima yalipita, naye amepima pembe chache tu katika milima. Barua zake zilijaa huzuni, na hakuna aliyeelewa sababu. Delambre, ambaye alimheshimu sana, alimwandikia kwa upole na kuvumilia.

Mwaka wa 1798 mke wake, Thérèse, aliona kwamba kazi haitakwisha hivyo. Akafunga safari kutoka Paris mpaka kusini, akakaa naye, akamtia moyo na kumsaidia, hata zile pembetatu za mwisho zikakamilika. Wakati huo Delambre alikuwa amekwisha kupima upande wake, pamoja na mistari miwili ya msingi kwa fimbo za platinamu: mmoja karibu na Melun, na mmoja karibu na Perpignan. Mstari wa Perpignan ulihesabiwa kwa mnyororo wote wa pembetatu kutoka Melun, kisha ukapimwa chini kwa fimbo. Na katika urefu wa zaidi ya kilometa kumi na moja, tofauti haikufika futi moja. Kazi ya pembetatu ilikuwa ya ajabu.

Wataalamu wa nchi kadha wa kadha walikutana Paris kuzitazama hesabu hizo. Delambre aliwawekea vitabu vyake vyote mezani. Méchain alikawia, kisha akatoa muhtasari tu ulioandikwa vizuri, bila yale maandishi ya kwanza. Hesabu za nyumba ya wageni ya Barcelona aliziacha nje, na nyingine alizipanga zipate kuonekana zimepatana zaidi. Wataalamu wakaajabia usafi wa kazi yake, wakamsifu kuliko wote. Kila neno la sifa lilimchoma moyo.

Tarehe 22 Juni 1799 fimbo ya platinamu yenye urefu wa meta moja iliwekwa katika nyumba ya hati za serikali ya Ufaransa. Méchain alipewa heshima ya kusimamia mahali pa kutazamia nyota pa Paris.

7. Safari ya mwisho

Mtu mwingine angalitulia na kula matunda ya kazi yake. Méchain hakuweza. Alifikiri kwamba kama mstari ukiendelezwa kusini mpaka visiwa vya Baleari, hesabu ya Barcelona haitahitajiwa tena, na kosa lake litazikwa bila mtu kulijua. Akaomba apewe safari hiyo mwenyewe, ingawa alikuwa na umri wa karibu miaka sitini na cheo chake kilimtaka akae Paris. Mwaka wa 1803 akaondoka.

Mambo yote yalimwendea vibaya. Ruhusa zilikawia, maradhi yalienea pwani ya Hispania, na alama alizotaka kuziona ng'ambo ya bahari zilifichwa na ukungu. Katika jua kali la mwaka wa 1804 alipita katika nchi za mabwawa, akipanda vilele na kulala katika hema, mpaka akashikwa na homa. Alifariki katika mji wa Castellón de la Plana tarehe 20 Septemba 1804. Kazi aliyoiacha ilimalizwa baadaye na vijana wawili wa Kifaransa, Biot na Arago.

Maandishi ya Méchain yalipelekwa kwa Delambre, aliyekuwa akitunga kitabu kikubwa cha habari za kazi yao. Delambre alipoyafungua aliona karatasi zilizoandikwa kwa kalamu ya risasi, namba zilizofutwa na kuandikwa upya, na ile tofauti ya Barcelona ambayo hakupata kuambiwa. Hapo akayaelewa yale mateso ya miaka kumi.

Delambre naye akawa na shauri gumu. Akiyaficha, atakuwa ametenda kosa lile lile. Akiyatangaza kwa ukali, atamwaibisha mtu aliyekufa akiwa kazini. Alichagua njia ya haki na huruma pamoja. Aliiandika tofauti ile katika kitabu chake, wala hakumtukana mwenzake. Na maandishi yote akayaweka mahali pa kutazamia nyota pa Paris, ili watu watakaokuja wayasome wenyewe.

8. Kosa lilikuwa wapi?

Wataalamu waliokuja baadaye waliyasoma. Mwaka wa 1828 mmoja wao alizipitia hesabu zile kwa njia mpya, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti haikutokana na uzembe wa Méchain, bali na chombo chenyewe, ambacho kwa kutumiwa sana kilikuwa kimechakaa kidogo. Chombo chaweza kupima pembe moja mara mia na kupata jibu lile lile, na bado mara zote mia kikawa kimepotoka kwa upande ule ule. Jambo hili halikujulikana vema wakati wa Méchain. Angaliwaonyesha wenzake namba zake, huenda wangalijifunza miaka thelathini mapema.

Tena dunia yenyewe si mviringo laini kama chungwa lililochongwa. Imebonyea huku na huku. Kwa sababu hiyo hasa meta iliyowekwa mwaka wa 1799 ni fupi kuliko ile iliyokusudiwa, kwa kadiri ya sehemu mbili za kumi za milimeta moja. Upungufu huo si mkubwa kuliko unene wa karatasi mbili. Haukurekebishwa kamwe, maana watu walitambua kwamba faida ya kipimo ni kupatana juu yake. Mwaka wa 1875 mataifa 17 yalitia sahihi mkataba wa meta mjini Paris. Tangu mwaka wa 1983 meta haitegemei tena fimbo wala dunia, bali mwendo wa nuru. Lakini urefu wake umebaki ule ule wa Méchain na Delambre.

9. Maili na kilometa

Waingereza waliendelea na inchi, futi, yadi na maili zao muda mrefu. Matokeo yake yalionekana hata Afrika Mashariki. Reli ya Waingereza iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika Ziwa Viktoria mwaka wa 1901. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka wa 1914. Katika reli zote mbili nafasi kati ya chuma na chuma ni meta moja kamili. Lakini Wajerumani walihesabu mwendo wa njia yao kwa kilometa, na Waingereza kwa maili. Hivyo magari ya Waingereza yalikwenda juu ya njia yenye upana wa meta moja, yakipita nguzo za maili. Baada ya kupata uhuru nchi za Afrika Mashariki ziliichagua meta, lakini vitabu na ramani za zamani zina maili hata leo, na msomaji hana budi kujua kugeuza.

Mwaka wa 1959 Uingereza, Marekani na nchi nyingine zinazosema Kiingereza zilipatana kwamba yadi moja ni meta 0.9144 kamili. Kwa hiyo futi moja ni meta 0.3048, inchi moja ni milimeta 25.4, na maili moja ni meta 1,609.344. Tangu hapo hata yadi ya Mwingereza hukatwa kutoka katika meta.

Kwa safari fupi yatosha kusema kwamba maili tano ni sawa na kilometa nane. Mtu akiambiwa mji uko maili 25, atagawanya kwa tano apate tano, atazidisha kwa nane apate kilometa 40. Na ukweli ni kilometa 40 na robo hivi. Lakini njia hii ya mkato ina kosa dogo ndani yake. Katika maili 1,000 itampa kilometa 1,600, na hesabu ya kweli ni zaidi ya 1,609. Kilometa tisa zimepotea, nazo ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Kutumia njia ya mkato si vibaya, maadamu mtu anasema kwamba ni ya mkato.

Hilo ndilo fundisho la maisha ya Pierre Méchain. Alikuwa mtu mwaminifu katika kazi yake kwa miaka mingi, mwenye bidii isiyo na kifani, aliyevumilia vita, ugonjwa na upweke ili watu wote wapate kipimo kimoja. Kosa lake halikuwa kubwa. Kulificha ndiko kulikomwondolea amani. Kila mpimaji hukosea kidogo, na kila namba ina upungufu wake. Mpimaji wa kweli huandika alichokiona, kikimpendeza au kisimpendeze, akawaachia wenzake wapate kusahihisha.

MASWALI

1. Kwa nini wataalamu wa Paris hawakutaka kipimo cha mguu wa mfalme?
2. Eleza jinsi pembetatu zinavyoweza kutumiwa kupima nchi yenye milima.
3. Méchain aliona tofauti gani katika mji wa Barcelona, na kwa nini aliificha?
4. Delambre alitendaje alipopata maandishi ya mwenzake? Je, alitenda vema?
5. Mji mmoja uko maili 60 kutoka mji mwingine. Geuza kuwa kilometa kwa njia ya mkato, kisha kwa hesabu kamili. Tofauti ni kiasi gani?
6. Pima urefu wa darasa kwa dhiraa za wanafunzi watatu, kisha kwa meta. Andika majibu yote kama yalivyo.